Nisimulie Tena Langkawi

"Hebu nisimulie tena pale pa doriani," alisema Bi Masouda, akajiegemeza kwenye takia na kufumba macho, kama mtoto anayengojea hadithi anayoijua mwanzo mpaka mwisho.

Muhsina akashusha pumzi. Alikuwa anakaa eda. Hana wanja, hana udi, hana hata pete kidoleni, na kizingiti cha nyumba ile ya mtaa wa Ansab hakukivuka tangu jeneza la mumewe lilipotolewa. Mapazia mazito, kiyoyozi kinanguruma, na kila alasiri, kahawa ikishamiminwa, mkwewe alitaka kitu kimoja tu: safari ya mwisho ya mwanawe Bakhit, ile ya Langkawi, kisiwa cha Malesia.

"Doriani, mama, kwa harufu yake ile, kule hotelini huingii nalo," alianza. "Wamebandika picha yake mlangoni, imepigwa mstari mwekundu. Basi tukalila nje, tumesimama, jasho linatuchuruzika. Joto la Malesia si kama hili letu. La hapa linakukausha. La kule linakurowesha, unatoka kuoga na papo hapo kama hujaoga."

"Kama Unguja!" Bi Masouda alicheka, na machozi yamemsimama kopeni.

"Kama Unguja hasa. Na shokishoki zimetandazwa njiani, nyekunduu."

Nasriya, dada yake Bakhit, akaweka kikombe chini. "Lakini we wifi, doriani si unalikimbia? Siku ile kaka kaleta moja humu ndani, ulitaka kuhama nyumba!"

Muhsina akalihisi jasho la kweli likimshuka mgongoni.

"Nilikula kwa ajili yake," alisema. "Mtu akikunyooshea kipande mpaka mdomoni, utamkatalia?"

"Makubwa! Mimi wangu hata ndizi hajaninyooshea."

"Nasriya, hebu mwache mwenzio asimulie," alisema Bi Masouda. "Nna dawa chungu nzima pale, lakini inayoniponya ni hii."

Na kweli ilikuwa ikimponya. Moyo wake ulikuwa mbovu, na tangu msiba hakuwa akila mpaka asikie kwamba mwanawe alicheka, alikula, alilowa mvua akiwa na mkewe. Ndiyo maana Muhsina hakuweza kunyamaza.

Maana Muhsina hakwenda Langkawi. Hakwenda popote.

Siku chache kabla ya safari, Bakhit alimfuata jikoni akamwambia, bila ya kumtazama usoni, kwamba ana mke mwengine, Mazoon, amempangishia chumba mtaa wa Ruwi, na safari hii ni zamu yake. Mama asijue, moyo wake hautastahamili. Muhsina akakubali, kwa ajili ya mama na kwa aibu yake mwenyewe. Akaenda kujificha mtaa wa Al Khoudh kwa dada yake wa kuzaliwa, simu anajibu kwa kunong'ona, hata dirishani hasimami. Bakhit aliporudi akamwekea begi la zawadi mbele yake, akamkalisha kitako, akamfundisha: hoteli ilikuwa hivi, mvua ilinyesha hivi, vile vigari vinavyoning'inia kwenye waya vilitupandisha mlimani hivi. Muhsina akayashika yote kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura ya Kurani, na kila neno likimchoma. Haya yote kayaona yule, si yeye.

Hazikupita siku nyingi, Bakhit akalala na asiamke.

Eda ina siku yake ya kwisha. Uongo ule haukuwa na siku. Akisema kweli, atamuua mama wa watu na kumfukua maiti kaburini. Asiposema, atakula doriani kila alasiri mpaka azeeke.

Simu yake ikalia chumbani.

"Nakuja, mama. Pale pa mvua nitakumalizia."

Akaipokea amesimama. Nambari hakuijua.

"Assalaamu alaykum, dada. Mimi Mazoon."

Muhsina akausukuma mlango kwa mgongo mpaka ukafunga.

"Usinikatie, tafadhali," ilisema sauti, nyembamba, iliyochoka. "Nambari yako niliiiba kwenye simu yake zamani. Sikupigii kwa shari. Na mimi nimo edani huku Ruwi, chumba kimoja, peke yangu. Hapana anayejua, hapana aliyenipa mkono wa pole. Majirani wanadhani naumwa. Nikilia nafungulia maji ya mfereji wasinisikie."

Muhsina alikuwa amemtayarishia mwanamke huyu maneno makali, ameyanoa kutwa kucha. Sasa aliyatafuta asiyaone.

"Unataka nini?"

"Nisimulie."

"Nikusimulie nini?"

"Langkawi. Nilikasirika naye sana, Mwenyezi Mungu anisamehe. Aliporudi sikumsemesha, na akafa sijamsemesha. Nataka kujua tu kama alifurahi."

Hapo maneno makali yakarudi yote kwa pamoja.

"Una wazimu weye? Mwenyewe umekwenda, umekula, umeona, kisha unaniuliza miye niliyefungiwa Al Khoudh kama mwizi?"

"Nani kakwambia nimekwenda?" aliuliza Mazoon. "Miye aliniambia mama yake kamshurutisha akuchukue wewe. Akanikataza kupiga simu, akanikataza kutoka mpaka mrudi, siri isije ikajulikana."

Muhsina akakaa kitandani.

"Muhsina!" Bi Masouda aliita kutoka sebuleni, sauti imechangamka. "Njoo mwanangu, tushafika kwenye mvua!"

Simuni Mazoon alikuwa bado yupo, anapumua. Kisha akasema, taratibu:

"Basi, dada, huyo aliyekwenda naye, eda anakaa wapi?"