Maiti Anapumua

Mara tatu mhakiki wa sinema alipita mbele ya mlango wa fundi viatu, na mara zote tatu miguu ilimpeleka mbele kana kwamba ilikuwa na safari yake yenyewe. Mara ya nne alisimama. Theluji ilikuwa imemjaa mabegani, na mkononi alishika mfuko wa machungwa ambao sasa aliuona wa kitoto. Mtu umemfanya mzee wa watu kichekesho cha mji mzima, halafu unakwenda kumwomba radhi kwa machungwa!

Yote yaliletwa na mstari mmoja. Kila majira ya baridi, muvi za mapigano na za vita zilipotoka kwa mkupuo, yeye aliitwa kuzitazama wiki moja kabla ya watu wengine, na gazeti lilichapa hukumu yake siku ya kwanza ya maonyesho. Safari hii ilikuwa muvi ya vita, ndefu isiyo na huruma. Steringi anapigwa risasi nne na bado anakimbia. Hilo halikumshangaza, steringi hafi, hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini kamera ilipopita juu ya waliouawa, alimwona mzee mmoja wa ndevu nyeupe amelala chali, na mdomoni mwake mvuke unatoka taratibu, unakatika, unatoka tena.

Alicheka peke yake gizani. Vidole vikamwasha.

"Katika muvi hii," aliandika, "steringi hajui kuishi na maiti hajui kufa. Mtazameni mzee wa ndevu dakika ya arobaini. Maiti anapumua!"

Watu waliupenda mstari huo kuliko muvi yenyewe. Mtu akisinzia ofisini, wenzake husema, "Msimzike, maiti anapumua." Mhariri aliucheka hadi akavua miwani afute machozi. Mhakiki naye akatembea kifua mbele siku nne nzima.

Siku ya tano alipeleka suruali ipunguzwe kwa mshonaji, mwanamke aliyewahi kushona magwanda ya muvi hiyohiyo. Mshonaji alimpima kiuno bila kumtazama usoni.

"Yule maiti wako ni fundi viatu wa mtaa wa nyuma," alisema. "Siku ile walilala kwenye theluji tangu asubuhi. Kila aliyekufa alipewa vipande vya barafu anyonye, mdomo upoe, mvuke usionekane. Barafu ikaisha kabla ya kumfikia yeye. Hakulalamika. Alisema anachotaka ni wajukuu wake wamwone kwenye sinema, basi. Tangu tumalize kazi sijamtia machoni."

"Sikujua, dada."

"Ungejuaje? Ulimi hauna mfupa, na kalamu vivyo hivyo. Geuka nipime mguu."

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na ya kwake yalikuja na wajukuu wa mtu mwingine. Alijaribu kujitetea kwamba kazi ni kazi. Haikusaidia. Kila aliposikia watu wakicheka kwenye kituo cha basi alijua wanacheka nini, na alikunja kola ya koti ili wasimtambue. Alijionea haya hata kunyoa ndevu mbele ya kioo. Alitaka kitu kimoja tu: mzee amtazame machoni na kumwambia yamekwisha.

"Hodi!"

Mlango ulifunguliwa na mke wa fundi. Alikuwa bado amevaa koti na skafu, viatu vimelowa, ndiyo kwanza anaingia.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye… ninayeandika habari za muvi gazetini."

"Marahaba, mwanangu." Alimkagua toka kichwani hadi miguuni. "Kumbe ndiye wewe. Nilidhani ni mtu mnene. Haya ingia, unaniingizia baridi."

Aliupokea mfuko, akamwonyesha kigoda. Chumba kilinuka gundi na ngozi. Chini ya dirisha vilipangwa viatu, vingine havina soli, kila jozi na kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Mhakiki hakukaa. "Nimekuja kumwomba mzee msamaha," alisema, na maneno yakamtoka yote kwa mpigo. "Nimemdhihaki mtu aliyelala kwenye theluji kwa ajili ya wajukuu wake. Nimekosa adabu, mama. Kesho nitaandika gazetini kwamba nilikosea, kwamba mzee hakupumua, yalikuwa macho yangu."

"Usithubutu!"

Sauti ilikuwa kali hata akarudi nyuma hatua moja.

"Lakini watu wanamcheka, mama."

"Wacheke mpaka mbavu ziwaume. Unajua sisi tumeitazama mara ngapi? Sita. Mimi, binti yangu na watoto wake. Hata sasa tunatoka huko. Ikifika dakika ya arobaini tunashikana mikono, hakuna anayekohoa."

Mhakiki aliona uso wake unawaka. Familia nzima ilikuwa inakwenda kuitazama fedheha aliyompaka mzee wao, kila siku, kwa macho yao wenyewe. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Basi niruhusu nimwone mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Akinifukuza, nimestahili."

Mama aliketi, akavua skafu polepole, akaikunja juu ya magoti.

"Muvi ilichelewa kutoka, mwanangu. Tulimzika mwezi mmoja kabla. Na wajukuu walikataa katakata kwenda kumtazama babu yao akiwa amekufa mara ya pili, mpaka wewe uliposema anapumua."