Jibu la Kwetu

Mkalimani alisikiliza simu iliyonaswa, spika za masikioni zimembana. Waliozungumza ndio waliolipua kituo cha basi, na hakuna aliyewajua kwa jina. Mpelelezi aliyetoka ng'ambo alikaa pembeni yake, kalamu mkononi.

"Kitendawili!" ilisema sauti nzito.

"Tega," ikajibu nyingine, kama yenye mafua.

"Huingia bila hodi, hutoka bila kwaheri."

"Baba."

Wakacheka, wakakata simu.

Mtoto yeyote angejibu upepo. Nyumba moja tu ilijibu baba, kwa jinsi baba wa nyumba ile alivyozoea kupotea miezi na kurudi kama hakuna kitu. Na ilikuwa na watoto wawili tu: yeye mkalimani, na mdogo wake aliyemlea mgongoni.

"Wanasemaje?" mpelelezi akauliza.

"Wanategeana vitendawili."

"Ajabu nyie! Mnaua watu huku mnachekeshana? Haya, jibu lake nini?"

"Upepo."

Mpelelezi akaandika.

Ukutani palibandikwa picha za vitu vilivyookotwa kituoni. Kimoja kilikuwa kiatu cha mtoto, cha kushoto. Mkanda wake ulikuwa bado umefungwa, ncha imepenyezwa ndani vizuri, kama afanyavyo mtu mzima aliyechuchumaa kumvalisha mwanawe huku akimwambia atulie.

Mkalimani alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua spika, akaziweka mezani taratibu.

"Futa hapo, bwana," akasema. "Kwetu jibu si hilo."