Pembe Tumboni mwa Mwatime

Ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa kwamba mkunga Shemsa hakosei. Alilitangaza hilo mwenyewe, akisikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya wakunga iliyobanwa tumboni mwa Mwatime.

“Mapigo mazuri. Mama mkwe, toka nje!”

“Mazuri gani, na maji yametoka ya kijani? Utaniulia mjukuu, mjeuri wee!”

Uchungu ukambana Mwatime, akataka kuing’oa pembe. Shemsa akamdaka mkono, na vidole vyake vikagusa mshipa uliodunda sawasawa na mapigo ya kwenye pembe. Kumbe alikuwa akisikiliza moyo wa mama.

Akaihamisha pembe. Uchungu ulishakatika, lakini moyo wa mtoto bado ulikuwa ukijikokota.

“Nimekosea,” akasema. “Mtoto anakosa hewa. Tumkimbize mama akapasuliwe.”

Mama mkwe akashika kitanda upande wa pili, akisukuma na kutukana.