Karanga ya Kindi wa Nne

Kindi wanne, karanga nne, dalili tatu. Vernon Haugen alikuwa amezisoma mara sita, na kijasho kilimtoka, ingawa ilikuwa Februari na theluji imefika madirishani.

Kila Jumanne, kwenye chumba cha chini cha kanisa, Arlene aliwaletea wenzake fumbo aliloliandika mwenyewe. Miaka kumi na mmoja Vernon hakushindwa hata mara moja, na hakumwacha mtu asahau.

La leo lilihusu kindi walioficha karanga humuhumu kanisani. Wa kwanza kabatini, wa pili chini ya mimbari, wa tatu hajulikani. Je, wa nne, yule mwizi, kaficha wapi?

"Mimi naona halifumbuki," alisema LuAnn taratibu. "Ni nyuma ya piano, au ndani ya pipa la chumvi ya kuyeyushia barafu kule mlangoni. Dalili hazitoshi."

"We nyamaza," Vernon alimkata. "Bakuli tu lilikushinda kulitunza."

LuAnn akainamisha kichwa. Ile Jumapili ya chakula cha pamoja, bakuli la buluu la marehemu mama yake Arlene lilipotelea jikoni, na mwoshaji wa zamu alikuwa yeye. Akanyang'anywa ufunguo wa jiko. Tangu hapo alikaa benchi la nyuma, na aibu ilimla mpaka akakonda.

"Bado dakika moja," Arlene alisema.

"Leo umepatikana, Vern!" mzee Orville akacheka. "Nikumiminie kahawa ulilie humo?"

Masikio yalimwaka moto Vernon. Ashindwe, tena mbele ya LuAnn! Afadhali ardhi ipasuke immeze.

"Pipa la chumvi!" alibwata, akapiga meza. "Imo pipani, chini kabisa! Mna macho ya nini nyie?"

"Haa! Umejuaje?" Orville aliuliza.

"Akili, bwana."

Arlene hakupiga makofi. Aligeuza karatasi ya jibu ili wote waione. Ilikuwa nyeupe, haina neno.

"LuAnn kasema kweli. Dalili hazitoshi," alisema. "Nyingine nilizitoa makusudi. Leo asubuhi nilikwenda kuchota chumvi ya kumwaga ngazini, Vern. Nikachota mpaka chini kabisa."

Akafungua kitambaa juu ya meza. Ndani mlikuwa na vipande vya bakuli la buluu, chumvi ingali imevishika.