Swali la Alama Mbili

Taa za ukumbini zilikuwa kali mpaka poda waliyompaka Tabitha ikaanza kumtiririkia shingoni. Kwenye ubao wa alama, Robert wa Kigera alikuwa mbele kwa alama moja. Limebaki swali moja, la Tabitha, nalo lina alama mbili.

Mshindi angesomeshwa mpaka amalize chuo. Robert hata akikosa, mjomba wake aliyekuja naye ana maduka pale Musoma mjini. Tabitha akikosa, basi tena. Ng'ombe wa Baba walikuwa wengi zamani. Nusu walikwenda kwa mahari ya Mama, waliobaki wakaishia kwenye ada. Wa mwisho, yule mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama, Baba alimpeleka mnadani mwenyewe, akarudi nyumbani na kamba tupu begani.

Na Baba huyo alikuwa hapo hapo, safu ya mbele.

Sheria ya mashindano ndiyo iliyomponza Tabitha. Kila mshiriki aje na mtu mzima mmoja wa kwao; akikwama, mtu huyo anaruhusiwa kumjibia mara moja tu. Alitaka kuja na mama yake, Marieta, lakini pamba ilikuwa imeshapasuka shambani, na Baba akasema mambo ya televisheni ni ya mwenye nyumba. Basi asubuhi akashuka kutoka Bunda, viatu vya akala miguuni, fimbo ya kuchungia mkononi, sweta limeshika harufu ya moshi wa zizini. Mlinzi wa mlangoni alitaka kuichukua ile fimbo. Baba akamwuliza kama na yeye huwa anaacha mkanda wake mlangoni akienda ugenini. Watu wakacheka. Tabitha akainama, akajifanya anafunga kiatu.

Shuleni na kwenye fomu ya mashindano alikuwa amesema kwao ni Bweri, hapo hapo mjini, na baba yake ni mtu wa ofisini. Rafiki zake wote walikuwa wanatazama saa hiyo. Kwa hiyo Florian, mtangazaji, alipomwuliza kabla ya kuanza amekuja na nani, maneno yalimtoka yenyewe.

"Ni jirani yetu tu."

Baba alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika chupa ya maji aliyotoka kumnunulia. Alisikia. Alifungua kizibo, akampa, akamwambia anywe koo lisije likamkauka mbele za watu.

Mashindano yakaanza. Baba alipiga makofi kwa kila jibu, hata la Robert, na mjomba wa Robert alipomshangaa, akamwambia mtoto wa mwenzio akijibu vizuri huwezi kumnyima makofi. Walipopumzishwa kidogo, Robert akamsogelea Tabitha.

"Dada wa Bweri, huyo jirani yako amekuja kuswaga ng'ombe au maswali?"

Tabitha akacheka. Alicheka kabisa, na meno yakaonekana.

Sasa Florian akainua kadi ya mwisho, ukumbi ukatulia.

"Swali linahusu mkoa wetu wa Mara," akasema. "Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ndoa hiyo inaitwaje?"

Ukumbi ukaguna, halafu ukaangua kicheko. Huko nyuma mtu akasema hayo yatakuwa ya porini. Mjomba wa Robert akajifuta machozi kwa leso.

"Umepatikana," Robert akanong'ona. "Nyie wa mjini hamjuagi haya."

Nyumba ntobhu. Tabitha alilijua jina hilo kabla hajajua kusoma. Lilikuwa limeshafika ulimini, limekaa pale kama punje ya mtama. Lakini Florian alikuwa na tabia yake. Kila ukijibu, anakuuliza umejuaje, na kamera inakusogelea mpaka puani. Tabitha akaziona sura za rafiki zake mbele ya televisheni. Akakiona kicheko kile kile cha ukumbini, kimehamia bwenini, kinamngoja.

"Sijui," akasema.

Ukumbi ukashusha pumzi. Robert akakunja ngumi chini ya meza kwa furaha.

"Usikate tamaa, Tabitha," Florian akasema. "Unaye bado jirani yako wa kukuokoa."

Kamera ikageukia safu ya mbele. Baba alikuwa ameshaanza kuinuka, uso umechangamka, kama anavyoinuka kwenye kikao cha ukoo wazee wakimpa nafasi ya kusema. Jibu lilikuwa limemjaa mdomoni. Tabitha aliliona kutoka pale alipokaa. Macho yao yakakutana.

Tabitha akatikisa kichwa. Kidogo sana, hata Robert hakuona.

Baba aliona. Akabaki amesimama, mkono mmoja juu ya fimbo, anamtazama mtoto wake wa kwanza kama mtu anayesubiri kuambiwa amekosea kuona. Tabitha akateremsha macho, akayaweka kwenye kucha zake, na uso ukamwaka moto kuliko zile taa.

Florian akashuka jukwaani, akamsogezea kipaza sauti.

"Haya, bibi yangu," akasema, "ndoa hiyo ya mwanamke kuoa mwanamke, unaijua?"

Baba, mwanamke aliyemtolea Marieta mahari, akajifunga upya kitenge chake kiunoni, taratibu, mpaka kikakaa sawa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Sijawahi hata kuisikia."