Mwanafunzi Mzito wa Mama Viki

Kwa mara ya nne ndani ya wiki tatu, Mwanamkuu alipiga simu na shida mpya; leo alisema dola zimepotea.

"Zimepotea vipi?" Severa aliuliza. Ilikuwa saa tano asubuhi, naye bado yuko kitandani, mapazia yamefungwa.

"Jana zilikuwa humu kwenye simu, Mama Viki. Leo nafungua, hamna kitu. Nimekwisha mimi!"

"Usiguse chochote. Nakuja."

Akakata simu, akaanza kutafuta viatu.

Tangu wamzike mumewe, Eliasi, kule Machame, Severa alikuwa hatoki. Duka lao la masufuria Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, lilikuwa na kufuli mwezi wa nne sasa. Watu waliokuja kumpa pole kwenye ghorofa yake Mchafukoge waligonga mlango, wakachoka, wakaacha. Binti yake, Victoria, anayefanya kazi Guangzhou, alimpigia kila siku akimsihi ashuke ngazi, hata kununua nyanya tu. Jibu lilikuwa lilelile: "Nikafanye nini huko nje?"

Ndipo Mwanamkuu alipozuka na shida yake. Huyu ni mkaanga samaki wa Feri, na urafiki wao ulianzia wodi ya wazazi, miaka thelathini iliyopita, walipolazwa vitanda vya jirani. Alisema kuna mteja wa Comoro anayetaka kumlipa kwa zile sarafu za mtandaoni, dola zinazokaa kwenye simu, naye hazijui, anaogopa kuibiwa.

"Siwezi, Mama Fikirini," Severa alimjibu siku ile. "Sina nguvu."

"Haya, pumzika. Kuna bwana mmoja hapa kijiweni kasema nimwachie simu, atanifungulia kila kitu."

Severa aliketi ghafla. "Usithubutu! Huyo atakukausha!"

Alizijua vizuri sarafu hizo. Eliasi alikuwa akiwalipa nazo wauza masufuria wa China, na mwishowe akamfundisha mkewe. Siku hiyohiyo Severa alishuka ngazi, akatembea kwa miguu hadi Feri, jua likimchoma macho kama mtu aliyetoka jela.

Alianza na yale maneno kumi na mawili ya siri yanayofungua pochi, ile programu ya simu inayotunza sarafu. "Yaandike kwa kalamu, kwenye karatasi. Usiyapige picha. Usimwambie mtu, hata mimi. Anayekuomba maneno haya ni mwizi, hata akija na sauti yangu."

Mwanamkuu aliandika kwa taabu, ulimi nje. Kesho yake alipiga simu: karatasi ile alimfungia mteja samaki wawili aina ya changu.

Severa alirudi, wakaanza upya. Safari hii alimwonyesha anwani, ule mstari mrefu wa herufi na namba ambako pesa hupelekwa.

"Anwani gani hii isiyo na mtaa?" Mwanamkuu aliuliza. "Hapa ni Ilala au Temeke?"

Severa alicheka. Sauti ya kicheko chake ilimshtua mwenyewe, akaziba mdomo, kisha akacheka tena mpaka machozi yakamtoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kucheka. Mwanamkuu alimsogezea sahani ya kibua na ndimu.

Severa alimtumia dola tano za kujifunzia. "Hata kwa mtu unayemwamini, tanguliza kidogo. Mpigie, muulize kama imefika. Ikifika ndipo utume iliyobaki. Ukikosea anwani hakuna wa kukurudishia, hakuna ofisi ya kwenda kulia."

"Nimeelewa, mwalimu."

Hakuwa ameelewa. Siku mbili baadaye alisahau namba aliyofungia simu, na Severa akarudi tena. Lakini siku hiyo alikuja amesuka nywele, na njiani alikuwa amepitia dukani kufuta vumbi.

Leo, mara ya nne, alifika Feri akihema. Aliichukua simu, akatazama, akaguna.

"Hujapoteza kitu. Umefungua pochi ya pili, halafu unashangaa iko tupu. Dola zako hizi hapa, kwenye ile ya kwanza."

"Alhamdulillahi! Ningejuaje?"

"Kichwa chako kigumu kuliko papa mkavu, Mama Fikirini. Mambo haya mtoto wa shule anashika kwa saa moja."

"Nivumilie, mwenzangu."

Severa alimaliza samaki mzima aliyesogezewa, akanawa, akajifunga mtandio. "Kesho usinipigie asubuhi. Nafungua duka. Nikifunga jioni nitapita, tuanze tena mwanzo, polepole. Siwezi kukuacha hivi, watakula mzima mzima."

Aliondoka akitikisa kichwa, akimsikitikia rafiki yake. Kwenye kona alisimama kubishana na muuza nyanya juu ya bei, mkono kiunoni, sauti juu.

Mwanamkuu alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Kisha simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya Guangzhou.

"Shikamoo, mamkubwa," Victoria alisema. "Ametoka leo?"

"Marahaba, mwanangu. Katoka, kala, kanitukana. Na kesho anafungua duka."

Victoria akavuta kamasi. "Na bado hajajua?"

"Atajuaje?" Mwanamkuu alisema, akigeuza samaki kwenye karai. "Baba yako, Mungu amrehemu, sarafu hizi nilimfundisha hapahapa kwa siku mbili tu, akaelewa. Mama yako itabidi anifundishe mimi mpaka Krismasi."