Mawe Ndani ya Tangi

Samaki wa bluu alimrarua samaki mgeni pezi tena. Kulthumu akatumbukiza mikono kwenye tangi la kioo, akaanza kuhamisha mawe yote.

Mchanga ukapanda polepole kama moshi. Yule wa bluu akazunguka akilitafuta pango lake, mdomo wazi.

"Mbona unamvunjia nyumba?" akauliza kaka yake kutoka ukingoni mwa kiti. Alikuwa amerudi Gitega juzi kutoka Tanzania, na tangu juzi walikuwa wakigombania nyumba hii ya marehemu baba.

"Akikuta mawe iko pengine, hajui tena kwake ni wapi. Anaacha kuuma."

Samaki wawili wakapishana kimya, mwanga ukiwapapasa.

Kulthumu akajifuta mikono kwa kitenge, akaliendea kabati la baba.

"Kaka, shika huko. Tusogeze."